Uso Usio na Ukingo

Msiba ulikuwa haujapoa, na tayari marehemu alikwisha kubebeshwa kosa.

Alikuwa dereva wa winchi katika karakana ya vyuma. Watu walimwita Mama Juu, kwa sababu asubuhi alipanda, jioni alishuka, na ukimtaka saa za kazi ilibidi utazame mawinguni. Siku pini iliyoshika mguu wa mnara ilipokatika, mnara ulilala chini, na yeye akiwa ndani. Kampuni ilisema alinyanyua mzigo uliozidi uwezo wa mashine. Kisha ikaja ripoti ya Taasisi iliyoipima pini ile, ikaunga mkono maneno hayo: pini ilikatika kwa pigo moja, haikuchoka wala haikuwa na ufa wa zamani. Kwa hiyo kosa ni la dereva, na pini nyingine hazina neno.

Hilo neno la mwisho ndilo lililomkosesha raha Inspekta, mwanamke wa polisi aliyeshika jalada hilo. Upande wa pili wa karakana ilisimama winchi pacha, yenye pini zilizotoka kiwanda kimoja na kufungwa mwezi mmoja na zile. Ilikwisha kupewa ruhusa ya kurudi kazini siku ile ile ya kufungwa jalada, baada ya chakula cha mchana. Na dereva wake alikuwa mdogo wake Mama Juu, tumbo moja.

Kituoni walimwita Inspekta huyo Kupe. Wenzake walimpa jina hilo kwa kejeli, yeye akalipokea kama zawadi. Mkuu wake alimtuma asubuhi ile kazi ya tarishi: aende Taasisi, Daktari aliyeandika ripoti atie sahihi karatasi moja, arudi jalada lifungwe. Kupe aliitikia ndiyo, Afande, akachukua karatasi na kalamu. Mkuu hakumkataza kuchukua na maswali.

Alianzia chumba cha hadubini. Fundi wa hapo alikuwa mwanamume mnene mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alipiga miayo katikati ya salamu. Kupe akaomba kuiona pini. Fundi akafungua kabati, akatoa sinia yenye vipande vya chuma vilivyopangwa kwa mfuatano, kama mkate uliokatwa tayari kwa wageni.

Jambo la kwanza Kupe alilotaka kujua ni kama pini ile ndiyo yenyewe. Aliwahi kuona kesi ambayo kisu kilibadilishwa njiani, na mtu akakaa gerezani kwa kisu kisicho chake. Akatoa picha iliyopigwa siku ya ajali, akalinganisha namba iliyogongwa kichwani mwa pini, akatazama na kovu la nyundo pembeni mwa namba. Vyote vilikuwepo. Njia ya kwanza ikaishia ukutani.

"Sasa pale ilipokatika ni wapi?" akauliza.

Fundi akaonyesha kipande kimoja. Kilikuwa kinang'aa kiasi kwamba Kupe aliuona uso wake mwenyewe ndani yake.

"Hapa nauona uso wangu. Nauliza uso wa chuma."

"Ulikuwa hapo hapo, Inspekta. Kwanza tunausoma kwa hadubini, kisha tunakata na kung'arisha ili tuone chembe za ndani. Ni utaratibu."

"Nani aliamuru ing'arishwe?"

"Daktari. Lakini hata asingeamuru ningeng'arisha, ndiyo kawaida yetu."

"Basi wewe uliuona kabla haujafutika."

Fundi akacheka kidogo. Akaeleza kwamba yeye ni mpishi asiyeonja, chuma kichafu au kisafi kwake ni kimoja. Anaiweka sampuli, anafunga mlango wa mashine, ncha ya sindano inatembea juu ya chuma ikipanda na kushuka kwenye vilima visivyoonekana kwa jicho, na namba zinakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya Daktari. Mashine ikishamaliza inajifuta kumbukumbu, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. "Mimi naweka, mashine inasoma, Daktari anaelewa," akasema.

Kupe akamtazama macho yale mekundu. Kwenye orodha ya mahudhurio pale mlangoni alikwisha kuona kwamba siku iliyofuata baada ya kuisoma pini, fundi huyu hakuonekana kazini. Mtu anayetoweka baada ya kazi kama hiyo huwa na kitu mfukoni au kitu moyoni. Akamuuliza alikuwa wapi.

"Hospitali. Mke wangu alijifungua."

"Nikipiga simu wodini watakuwa na habari hiyo?"

"Piga, tena uwasalimie. Mapacha, Inspekta. Usiku analia huyu, huyu akinyamaza anapokea yule. Mtu akija kunihonga saa hizi nitamwomba anihonge usingizi."

Kupe alipiga. Muuguzi aliyepokea alimkumbuka baba wa mapacha, maana alizimia mlangoni wakamwekea drip yeye kabla ya mzazi. Njia ya pili nayo ikafa. Uso halisi wa pini ulikuwa umeng'arishwa kihalali, na namba zake zilikuwa zimepita mkononi mwa mtu mmoja. Kilichobaki cha uso ule kilikuwa ni picha moja tu, iliyochapwa katika ukurasa wa kati wa ripoti.

Akamuuliza fundi ni nani mwingine hapo anayejua kusoma picha kama ile. Fundi akaelekeza kidole ghorofani. "Hesabu za nyuso muulize Mawimbi. Lakini uende taratibu. Daktari ni baba yake mdogo."

Chumba cha Mawimbi kilikuwa na joto la mashine. Kompyuta zilipangwa ukutani zikivuma kama mzinga, na mbele yake kulikuwa na skrini pana iliyoonyesha maji yanayotetemeka. Mwenyewe alikuwa msichana mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikio moja. Kupe akajitambulisha. Mawimbi akajitambulisha kwa kazi: alikuwa akitengeneza nyuso ndani ya kompyuta, nyuso za vimiminika na za vitu vigumu, ili zile za kweli zieleweke. Jina lake hilo alilipata kwa sababu ya maji.

"Na mimi naitwa Kupe," Inspekta akasema. "Kwa hiyo tusioneane haya."

Mawimbi akatabasamu, lakini alipoiona ripoti mkononi mwa mgeni tabasamu likaondoka. Akasema kwamba kazi ya Baba Mdogo, yaani ya Daktari, yeye hakuigusa. Kupe akajibu kwamba hajamshtaki mtu. Anataka kufundishwa tu, na mwanafunzi mzee huwa mpole.

Akafundishwa. Mawimbi alikuwa mwalimu mzuri, wa kuanzia pale mtu alipo. Alisema hakuna kompyuta inayoweza kufuatilia kila chembe ya chuma, wala kila tone la bahari. Kwa hiyo watu wa kazi yake huuliza maswali ya takwimu. Vilima vya uso vinapanda na kushuka kiasi gani kutoka usawa wa wastani? Ukisimama juu ya kilima kimoja, unaweza kwenda umbali gani kabla jirani hajaacha kufanana nawe? Chuma kilichokatwa kwa pigo moja hutoa majibu yake, na chuma kilichochoka polepole, kikifunguka kidogo kidogo kila mzigo unapopanda, hutoa majibu mengine. Hicho cha pili huacha pete, kama zile ambazo maji huacha ufukweni yanaporudi nyuma.

"Na kwenye ripoti hii majibu ni ya aina gani?"

Mawimbi akasita, kisha akachukua ripoti, akaingiza namba zake kwenye kompyuta. Kupe akangoja amesimama. Mashine ikahesabu, ikachora mistari, Mawimbi akaifuata kwa kalamu kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Pigo moja," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa na ahueni. "Kila kipimo kimeangukia mahali pake. Samahani, Inspekta. Ripoti ni safi. Hata naweza kusema sijawahi kuona safi namna hii."

Kupe akashukuru, akafunga mkoba. Ilimuuma, lakini polisi anayekataa jibu kwa kuwa halimpendezi si polisi tena, ni mchawi anayetafuta wa kumloga. Aligeuka kwenda mlangoni, na katika kugeuka jicho lake likapita kwenye skrini ile ya maji. Juu ya maji ilielea punje moja nyekundu. Ilisukumwa na mawimbi kwenda kulia, ikafika mwisho wa skrini, ikapotea. Papo hapo ikatokea kushoto, ikaendelea na safari yake.

"Hiyo imefanya nini?"

"Ipi? Ah, hiyo." Mawimbi alishangaa kama aliyeulizwa kwa nini mlango una bawaba. "Siwezi kuitia bahari nzima humu ndani. Nachukua kipande kidogo, mraba tu. Lakini mraba una kuta, na maji ya ukutani hayatendi kama maji ya katikati. Kwa hiyo naiambia kompyuta kwamba ukuta wa kulia na ukuta wa kushoto ni kitu kimoja. Anayetoka huku anaingilia kule. Juu na chini vilevile. Huku kwetu mbio za sakafuni haziishii ukingoni, kwa sababu ukingo wenyewe haupo."

"Na chuma mnakifanya hivyo pia?"

"Chuma cha kuigiza, ndiyo. Tunafanya hivyo tangu siku ya kwanza darasani, mpaka hatuoni tena kama tunafanya. Chuma cha kweli kina ukingo bwana. Ukikipiga picha, kushoto kuna mambo yake na kulia kuna mambo yake. Hawajuani."

Kupe akarudi kutoka mlangoni. Akafungua ripoti, ukurasa wa kati, akamwomba Mawimbi atoe nakala nyingine ya picha ile kwenye printa. Ilipotoka bado ina joto, akaomba mkasi, akakata ukingo mweupe wa karatasi zote mbili. Kisha akazilaza mezani ubavu kwa ubavu: kulia kwa ya kwanza, kushoto kwa ya pili. Akazisogeza mpaka zikagusana.

Kila kilima kilichokatwa kwenye karatasi moja kilikamilika kwenye nyingine. Bonde likaingia bondeni. Kama si karatasi moja kuwa na kikunjo, mtu asingejua zinapokutana.

Mawimbi aliinyakua ile nakala, akaipeleka juu ya mwenzake, mguu kwa kichwa. Napo zikaungana. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akarudi kwenye kompyuta, akaiambia ilinganishe safu ya mwisho ya kulia na safu ya kwanza ya kushoto. Jibu lilikuja haraka: zilifuatana.

"Inaweza kutokea kwa bahati?" Kupe akauliza.

"Vunja sahani mbili, moja hapa, moja nyumba ya pili, halafu vipande viingiane pande zote." Alitikisa kichwa. "Huu uso hauna ukingo. Haujawahi kuwa chuma. Umezaliwa ndani ya kompyuta." Akaigonga ile picha kwa kalamu. "Ndiyo maana ulikuwa safi mno. Baba Mdogo ametumia modeli ya pigo moja. Ameupima vilima, ameupima mfanano, kila kitu. Kingo hakuziangalia, kwa sababu sisi hatuna kingo."

Kupe akavuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza tangu afike. Akamwambia bila kuzunguka kwamba karatasi mbili mikononi mwa polisi ni mchezo wa mtoto, lakini mikononi mwa mtaalamu ni ushahidi. Na kwamba mchana huo mtu ataambiwa apande. Mawimbi alitazama maji yake kwenye skrini. Kwa sauti ya chini alisimulia kwamba baba yake alipofariki, ni Daktari aliyesimama naye siku ya kuandikishwa chuoni, akamshikia mwavuli foleni nzima, yeye mwenyewe akalowa.

"Sikulazimishi," Kupe akasema.

"Najua. Nampenda, hilo uliandike kwanza." Akavuta pumzi. "Halafu uandike na haya mengine, nitatia sahihi."

Daktari aliwapokea kwa heshima. Alikuwa mzee nadhifu, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo, na alimwita Kupe binti yangu, akamuuliza hali ya nyumbani. Alidhani wamekuja kwa sahihi. Akanyoosha mkono kuomba karatasi. Mawimbi alibaki amesimama karibu na mlango. Kupe hakutoa ile karatasi ya Mkuu. Alizilaza mezani zile picha mbili, akazigusanisha, akaketi, akakunja mikono.

Daktari aliinama. Mwanzoni alitazama kama mtu anayetazama kazi yake, kwa kuridhika. Kisha akaweka kidole, akakipitisha taratibu kutoka picha ya kwanza kwenda ya pili, akitafuta mahali pa kuachana. Kidole kikapita. Akakirudisha. Kikapita tena.

"Printa zetu mbovu," akasema.

"Printa mbovu huharibu, Daktari. Hii imetengeneza."

Akamtazama Mawimbi. Mawimbi hakuinamisha macho. Mzee akajiegemeza kitini, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mwalimu anayemwelewesha mtoto mgumu. Alisema mambo ya kitaalamu yasichukuliwe kwa pupa. Sampuli iliyoletwa haikuwa nzuri. Kulikuwa na sehemu isiyosomeka, na kila mtaalamu duniani hujaza pengo kwa modeli. Yeye alijaza. Hakubuni hukumu, aliisaidia tu ionekane.

"Sehemu ipi haikusomeka?"

"Upande mmoja wa uso. Karibu nusu. Kutu ilikuwa imeshakula."

"Kutu," Kupe akasema.

"Kutu, ndiyo. Chuma kikikaa wazi hushika kutu, binti yangu. Huhitaji kusoma sana kulijua hilo."

"Pini ilifika hapa lini baada ya ajali?"

"Siku ile ile. Ninyi wenyewe mliileta, imefungwa kwenye mfuko mkavu."

"Basi nielimishe, Daktari. Kitu kilichokatika kwa pigo moja, asubuhi, kikafungwa mchana, kutu iliyokula nusu yake ilipata wapi nafasi ya kula?"

Kupe hakumwacha apumue. Akasema taratibu, kila neno likisimama kwa miguu yake, kwamba nusu ile ilikuwa wazi zamani, ikinyeshewa na mvua, huku Mama Juu akipanda kila asubuhi na kushuka kila jioni, na kwamba nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa ikimshikilia.

"Baba Mdogo," Mawimbi akasema kutoka mlangoni. "Uliziona pete?"

Mzee alizikusanya zile picha, akazilinganisha kingo kwa kugonga mezani, akazirudisha kwa Kupe. Alipozungumza tena alikuwa mtu mwingine, mkavu. Alisema hana la kuongeza mpaka wakili wake awepo. Alisema kampuni ile ndiyo iliyoijengea Taasisi jengo hili walilokaa, kwa hiyo wajue wanalipiga teke. Na alisema, akitazama saa ya ukutani, kwamba amri ya kusimamisha mashine hutolewa na mahakama, na mahakama haikai leo.

"Karatasi mbili hazisimamishi winchi," akamalizia.

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyomtoa Kupe kitini.

Simu ya Mkuu ilimkuta kwenye ngazi. Mtu alikwisha kupiga kabla. Mkuu alizungumza kirefu: kwamba alimtuma sahihi akaleta fujo, kwamba wakubwa wameuliza yeye ni nani, kwamba arudi kituoni sasa hivi na jalada likiwa limefungwa, la sivyo itaandikwa kwenye kumbukumbu zake kuwa amekataa amri. Kupe alisikiliza mpaka mwisho huku akishuka.

"Andika, Afande," akasema. "Tena kwa wino, penseli hufutika."

Aliizima simu. Nyuma yake Mawimbi alikuwa anakuja mbio, miwani imekaa upande, amekumbatia makopo mawili na tambara. Kupe akamuuliza ni nini. Mawimbi akasema karatasi hazisimamishi winchi, lakini pini za winchi yenyewe zinaweza.

Walipofika karakana, wafanyakazi walikuwa wakitoka kula, wakifuta midomo. Winchi pacha ilisimama kwenye jua, mnara wake umefungwa chini kwa pini nne nene kama kifundo cha mkono. Chini yake alisimama mdogo wake Mama Juu, kijana mwenye mabega mapana, glovu mkononi, funguo kidoleni. Alikuwa bado amenyoa nywele za msiba. Mbele yake alisimama Meneja, na ilikuwa wazi kwamba maneno yalikwisha kuzidi: Meneja akisema ripoti imetoka, kijana akisema ameisikia.

Kupe akajitambulisha, akamweleza Meneja kwamba picha iliyo katika ripoti si ya chuma chochote kilichowahi kuwepo, na kwamba mtaalamu aliyelithibitisha hilo ni huyu hapa. Meneja akaomba amri ya mahakama. Kupe akasema hana. Meneja akatabasamu, akageukia watu wake, akasema basi tuendelee na kazi.

"Hilo bango pale," Kupe akasema, "limeandikwa nini?"

Lilikuwa bango la kampuni yenyewe, limepigiliwa kwenye nguzo, rangi yake imepauka. Lilisema dereva ana haki ya kutaka mashine ikaguliwe kabla hajapanda. Kupe hakumwambia kijana afanye nini. Kijana alilisoma lile bango kana kwamba limetundikwa leo, akavua glovu.

"Naomba ikaguliwe," akasema.

Meneja alipoona Mawimbi amepiga magoti kwenye mguu wa mnara na kopo la kioevu chekundu, aliangua kicheko. Akasema ama kweli leo wametembelewa, wanawake wawili wamekuja kuipaka winchi rangi ya kucha. Wachache wakacheka naye. Mawimbi hakuinua kichwa. Akasafisha shingo ya pini ya kwanza kwa tambara, pale ilipochomoza kabla ya kuingia kwenye bati, akaipaka ule wekundu, akahamia ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha akakaa kitako chini, akangoja.

Kijana akauliza inangojwa nini. Mawimbi akamweleza, bila haraka, kwamba kioevu hiki ni chepesi mno, na uso wake haupendi kukaa nje. Ukiuonyesha mahali pembamba, hata pasipoingia wembe, unavutwa na kuta za pale na kuingia wenyewe. Hauhitaji kusukumwa. Kazi yake ya kila siku ni kuhesabu jinsi unavyoingia.

"Na kama hakuna pa kuingia?"

"Utafutika wote."

Kijana akatikisa kichwa. Akasema, kama anayezungumza na pini, kwamba dada yake alikuwa anapima mzigo kama mtu anayempimia mtoto dawa. Kwamba wenzake walimtania kwa hilo, wakimwita mfamasia. Hakuna aliyecheka safari hii.

Mawimbi akasimama, akachukua tambara safi, akafuta pini zote mpaka chuma kikarudi rangi yake. Meneja akasema, haya, mmeridhika? Mawimbi akatikisa kopo la pili, akanyunyiza unga mweupe, mwembamba kama poda, wa kunyonya wekundu uliojificha ndani ya nyufa, juu ya shingo zote nne. Watu wakasogea. Kupe akasogea nao.

Pini ya kwanza ilibaki nyeupe. Ya pili ilibaki nyeupe. Kwenye ya tatu kikatokea kidoa, chekundu, kidogo kama kichwa cha sindano. Kikavimba. Pembeni yake kikatokea kingine, vikaungana, na mstari ukaanza kutambaa juu ya weupe, mwembamba, ukizunguka shingo ya chuma bila kukatika, mpaka ukapotelea upande wa nyuma usioonekana. Mtu mzima mmoja akavua kofia yake ya kazi.

"Hiyo ni mikwaruzo ya rangi," Meneja akasema. "Futeni hapo. Kila mtu kazini."

Hakuna aliyefuta.

"Nimesema kazini. Ripoti ya Taasisi inasema pini ni nzima, mimi sitasimamisha karakana kwa kopo la rangi. Wewe," akamwelekea kijana, "panda. Kama huwezi sema, wanaotaka kazi yako wamejaa getini."

Kijana alimtazama. Kisha akazitoa funguo kidoleni, akanyoosha mkono mpaka zikawa karibu na kifua cha Meneja, zikining'inia.

"Ripoti unayo wewe, bosi," akasema. "Basi panda wewe."

Watu wote walisimama palepale. Meneja alizitazama funguo. Akautazama mstari mwekundu, ambao ulikuwa bado unavimba. Akaitazama ngazi, kuanzia kidato cha chini mpaka kibanda kule juu.

Mkono wake haukuinuka.